Shingo Isikushushe Baiskeli: Mwongozo Kamili kwa Anayerudi Kuendesha Akiwa Mtu Mzima

Hapa Malindi wanaorudi kwenye baiskeli wakiwa wamevuka miaka hamsini ni wengi. Mmoja amestaafu, mwingine daktari wa presha au sukari amemwambia autumie mwili, mwingine amechoka kutoa nauli ya tuktuk kila siku. Ardhi yetu ni tambarare na safari nyingi za mjini ni fupi. Hata hivyo, wengi huacha ndani ya wiki za mwanzo, na si kwa sababu ya miguu wala pumzi. Shingo ndiyo inayowashusha.

Na karibu wote hupita njia ileile. Wananunua dawa ya kuchua, wanakandwa, wanaweka siti laini zaidi, maumivu yanarudi, baiskeli inaegeshwa uani hadi cheni inashika kutu. Shingo imetibiwa, lakini baiskeli inayoiumiza haijaguswa.

Mara nyingi shingo huumia kwa makosa ya siti na mikono. Kwa hiyo tutaanzia kwenye siti, tuje kwenye usukani, ndipo tufike kichwani. Usiruke hatua: ukipandisha usukani kabla ya kuweka siti sawa, itakubidi uurekebishe tena.

## Vitu vya kuwa navyo

- Spana za kawaida, na zile nyembamba za umbo la L kama baiskeli yako ni ya kisasa.
- Mafuta ya kulegeza kutu. Hewa ya bahari hugandisha bolti, hasa kwa anayekaa karibu na pwani.
- Grisi kidogo.
- Tepu ya fundi cherehani, na uzi uliofungwa nati nzito ncha moja.
- Pimamaji ya fundi mwashi, au programu ya pimamaji kwenye simu.
- Tepu ya gundi au chaki ya kuwekea alama.
- Pampu yenye kipimo cha upepo. Kama huna, fundi wa tairi anayo.
- Kioo cha pembeni cha baiskeli.
- Kofia ngumu isiyo na ukingo mrefu mbele.
- Daftari, na mtu wa kukupiga picha ukiwa juu ya baiskeli. Picha ya ubavuni itakuonyesha usichoweza kukiona mwenyewe.

## Kabla ya yote: nani aende hospitali kwanza

Kukaza kwa misuli ya shingo na mabega baada ya kuendesha ni jambo la kawaida. Dalili zifuatazo si za kawaida, na hazirekebishwi kwa spana:

- Maumivu yanayoshuka mkononi hadi vidoleni, ganzi isiyoisha, au mkono kukosa nguvu.
- Vidole kuwa vizito, mfano kushindwa kufunga vifungo vya shati, au miguu kuyumba unapotembea.
- Kushindwa kuzuia mkojo au choo.
- Shingo ngumu pamoja na homa, au maumivu makali ya kichwa yaliyoanza ghafla.
- Maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka au kugongwa.
- Kizunguzungu, kuona vitu viwili viwili, au ulimi kuwa mzito.
- Kifua kubana huku maumivu yakipanda shingoni, taya au mkono wa kushoto. Hiyo inaweza kuwa moyo, na haingoji kesho.

Aliye na mifupa dhaifu, baridi yabisi, aliyewahi kuugua saratani, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, naye amwone daktari kabla ya kuanza. Kwa walio mjini, Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Malindi ni mahali pa kuanzia.

## Hatua ya 1: Elewa mzigo unaobebwa

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4.5 hadi 5. Ukisimama wima, kilo hizo hukaa juu ya pingili za shingo na misuli hufanya kazi ndogo. Ukiinama mbele kushika usukani, kichwa hutoka nje ya mhimili wake. Ni sawa na ndoo ya maji: karibu na mwili unaibeba, ukiinyooshea mkono mbele haichukui muda mkono unatetemeka.

Kuna jambo la pili. Ukiinama, macho hutazama chini, na ili uone barabara ni lazima uinue kidevu. Hapo misuli midogo ya kisogoni na ile inayotoka shingoni kwenda mabegani hubaki imekazwa safari nzima. Kadiri umri unavyosonga, gegedu zilizo kati ya pingili hupoteza maji na viungo hukakamaa, kwa hiyo mkao uliouvumilia ukiwa na miaka ishirini na tano leo unakuchosha mapema.

Lengo letu basi ni mawili: kupunguza kuinama, na kupunguza kuinua kidevu. Kila hatua hapa chini inafanya moja kati ya hayo.

Weka alama za tepu mahali siti na usukani vilipo sasa, upime na uandike. Usipoandika, mabadiliko yakikukataa hutajua pa kurudi.

## Hatua ya 2: Siti

Urefu. Egemea ukuta ukiwa juu ya siti. Weka kisigino kwenye pedali na uishushe hadi chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kuinama upande mmoja. Ukirudisha sehemu pana ya unyayo kwenye pedali, goti litakunjika kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa.

Siti ikiwa juu mno, kiuno huyumba, mwili husogea mbele kutafuta pedali, na mikono hubeba uzito usiokuwa wake. Wazee wengi hufanya kinyume chake: huishusha sana ili nyayo zote ziguse chini. Kwa wiki ya kwanza si vibaya, kwa sababu mwenye hofu ya kuanguka hukaza mabega hata baiskeli ikiwa imepimwa vizuri. Ukishaizoea, ipandishe kidogo kidogo, nusu sentimita kwa mara moja, maana ukiiacha chini magoti ndiyo yatakayolalamika.

Mwinamo. Weka pimamaji juu ya siti. Iwe bapa. Pua ya siti ikiinama mbele, unateleza, na mikono inakusukuma nyuma safari nzima. Mabega hupanda hadi masikioni. Ikiinuka, kiuno hulala nyuma, mgongo huwa kibiongo, na shingo hulazimika kukunjika zaidi ili uone mbele.

Mbele na nyuma. Pedali zikiwa usawa mmoja, shusha ule uzi wenye nati kutoka mbele ya goti la mguu ulio mbele. Nati ining'inie karibu na ekseli ya pedali. Usisogeze siti mbele kwa sababu tu usukani uko mbali. Hiyo ni kazi ya hatua inayofuata.

Onyo. Nguzo ya siti ina alama ya mwisho wa kuinuliwa. Alama hiyo isionekane nje ya fremu. Ikionekana, nguzo inaweza kuvunjika au kuipasua fremu.

Utajua umefanikiwa ukiweza kulegeza vidole kwenye usukani huku ukiendelea kukanyaga, na mwili usiteleze mbele.

## Hatua ya 3: Usukani

Wengi hushindwa hapa, kwa hiyo usiharakishe.

Kwa anayerudi akiwa mtu mzima, mpini wa usukani uwe usawa mmoja na siti au juu yake kwa sentimita 2 hadi 5. Usukani wa chini ni wa mashindano. Anayekwenda sokoni, msikitini au kupunga hewa barabara ya Casuarina hana sababu ya kulala juu ya fremu.

Umbali nao ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Viwiko vikunjike kidogo. Mikono ikinyooka, kila shimo la barabara hupanda moja kwa moja hadi shingoni.

Kama baiskeli yako ni ile nyeusi ya kizamani, Black Mamba, una bahati: usukani wake tayari umepinda kurudi kwako. Kuupandisha, legeza bolti ya juu mizunguko michache bila kuitoa, halafu igonge polepole ukiwa umeweka kipande cha ubao juu yake. Kabari iliyo ndani itashuka na usukani utaachia. Usipoachia, kutu imeushika: tia mafuta ya kulegeza, uache hadi kesho. Ukiutoa, safisha na upake grisi kabla ya kuurudisha. Hapa pia kuna alama ya mwisho, usiipite.

Breki za baiskeli hii ni za vyuma virefu vilivyounganishwa na usukani. Ukipandisha usukani, vyuma navyo huvutika, na raba zinaweza kushika rimu muda wote au kukosa nguvu. Kama hujawahi kuzirekebisha, usijaribu peke yako. Nenda kwa fundi umwambie: "Fundi, naomba unipandishie usukani sentimita tatu, na breki unirekebishie baada ya hapo." Ombi la pili ndilo wateja wengi husahau.

Kama ni baiskeli ya kisasa yenye gia, huenda usukani umebanwa kwa bolti mbili za pembeni na hauvutiki juu. Hapo kuna njia tatu: kuongeza pete chini ya chuma kinachoshika usukani, iwapo nafasi ipo, kubadilisha chuma hicho kwa kifupi kinachoelekea juu, au kuweka usukani mwingine uliopinda kuja nyuma. Mimi napendelea hii ya tatu, kwa sababu inakuletea mpini juu na karibu kwa pamoja, na hata viganja hukaa vizuri zaidi.

Kisha kuna baiskeli za mtumba, ambazo mara nyingi mtu hununua kwa kupenda rangi. Simama juu ya fremu ukiwa na viatu. Kama bomba la juu linakugusa, au unalazimika kunyoosha mikono hata siti ikiwa mahali pake, fremu ni kubwa kwako. Hakuna spana itakayoipunguza. Ibadilishe kabla hujaingia gharama zaidi.

Onyo. Baada ya kugusa usukani, ugeuze hadi mwisho kulia na kushoto. Waya za breki na gia zisikazwe. Kisha simama mbele ya baiskeli, bana tairi kwa magoti, ujaribu kuuzungusha kwa nguvu. Ukizunguka, haujakazwa, na hutaki kuligundua hilo ukiwa mbele ya matatu.

Utajua umefanikiwa kwenye ile picha ya ubavuni. Masikio yawe mbali na mabega, viwiko vimelegea, na uso unatazama barabara bila ngozi ya kisogo kukunjamana.

## Hatua ya 4: Macho, miwani na kofia

Mtazame mzee anayepita barabara ya Casuarina asubuhi na shingo inamuuma. Kidevu kiko juu, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, miwani imeteleza puani kwa jasho. Hakuinua kidevu kwa kupenda. Ukingo wa kofia na fremu ya miwani vimemziba njia, na hana jinsi.

Kofia ngumu ikae vidole viwili juu ya nyusi. Kama ina ukingo wa mbele unaotoka, utoe. Kofia ya kawaida yenye ukingo mrefu usiivae chini yake.

Miwani ifunge kamba nyuma ya kichwa isiteleze. Wenye miwani ya sehemu mbili, ya mbali juu na ya karibu chini, wajihadhari: ukiinua kidevu unatazama barabara kupitia kioo cha kusomea, na shimo huliona umeshalifikia. Kwa baiskeli, miwani ya mbali pekee ni salama zaidi.

Funga kioo mkono wa kulia wa usukani, maana sisi huendesha kushoto na magari hutupita kuliani. Kioo hakiondoi haja ya kugeuka na kutazama kabla ya kukata kona, lakini hupunguza mizunguko mingi ya shingo. Na ukigeuka, geuza bega pamoja na kichwa.

## Hatua ya 5: Tairi na mizigo

Tairi iliyojazwa kupita kiasi hupeleka kila mtikisiko mwilini. Kiwango cha chini na cha juu cha upepo mara nyingi huandikwa ubavuni mwa tairi. Kama barabara zako ni za mchanga na changarawe, kaa upande wa chini wa kiwango hicho, usishuke zaidi. Kama fremu inaruhusu tairi pana, ziweke.

Mkoba wa begani na mifuko inayoning'inia kwenye usukani iache. Mzigo wote uende kwenye keria, ufungwe katikati.

## Hatua ya 6: Mazoezi, wiki mbili kabla ya kutoka

Yafanye kila siku ukiwa umekaa kwenye kiti kigumu. Yote ni kama dakika kumi.

1. Kurudisha kidevu. Tazama mbele, rudisha kidevu nyuma bila kukiinua wala kukiinamisha. Shikilia sekunde 5, mara 10. Hili huamsha misuli ya mbele ya shingo, inayosaidia ile ya nyuma.
2. Kusukumana na kiganja. Weka kiganja kwenye paji la uso, sukuma kwa kichwa huku mkono ukizuia, kichwa kisisogee. Sekunde 5, mara 5. Rudia kila upande, na kisogoni. Tumia nguvu kidogo, usikaze hadi utetemeke, na usizibe pumzi, hasa kama una presha.
3. Kubana makombe ya mabega. Yavute nyuma na chini kidogo. Sekunde 5, mara 10.
4. Kusukuma ukuta kwa mikono, mara 8 hadi 12. Mikono na mabega yenye nguvu huipunguzia shingo kazi.
5. Kugeuza kichwa polepole kulia na kushoto hadi kinapofika bila maumivu. Usizungushe kichwa duara zima.

Utajua umefanikiwa ukiweza kutazama juu ya kila bega bila kuuma. Usiingie barabara kuu kabla ya hapo. Asiyeweza kutazama nyuma hayuko salama, hata akiwa na kioo.

## Hatua ya 7: Safari za kwanza

Anza na dakika 15 hadi 20, siku moja ndiyo, moja hapana. Siku ya kupumzika ina kazi yake, kwani misuli hujijenga hapo. Wiki ya pili nenda 25 kama asubuhi iliyofuata shingo ilikuwa nyepesi. Baada ya hapo usiongeze zaidi ya sehemu moja ya kumi kwa wiki. Kwenda Gede, kilomita 16 hivi, kunaweza kungoja miezi miwili au mitatu.

Toka mapema, jua likiwa bado halijawa kali, na ubebe maji.

Ukiwa njiani, kila dakika tano jiulize mambo matatu: mabega yako wapi, viwiko vimekunjika, meno yamelegea? Mtu aliyekaza taya hukaza na shingo. Badilisha mahali pa kushika. Ukitazama barabara, inua macho, si kidevu. Kila baada ya dakika kumi simama pembeni, weka mguu chini, ulegeze mabega.

Sasa upepo, ambao Malindi ndio unaoharibu mipango ya watu. Kusi, inayovuma takriban Aprili hadi Septemba, humpiga usoni anayekwenda kusini. Anayepambana nayo hujikunja ili upepo usimshike, halafu anainua kidevu aone njia. Ndio mkao mbaya kuliko yote tuliyoyataja. Kwa hiyo wakati wa kusi anza kwa kuelekea kusini, kupitia Casuarina hadi upande wa hifadhi ya bahari, ukiwa bado una nguvu; urudi ukisukumwa. Wakati wa kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, geuza: anza kuelekea kaskazini, upande wa daraja la Sabaki, urudi na upepo mgongoni. Anayeanza na upepo nyuma yake huenda mbali bila kujua, kisha hurudi amechoka akiwa amejikunja.

Upepo ukizidi, usiiname. Punguza gia, punguza mwendo, kaa wima. Kama baiskeli haina gia na imekuwa nzito, shuka ukokote.

## Hatua ya 8: Siku shingo ikikaza

Uchovu wa misuli unaoisha ndani ya siku moja au mbili ni dalili ya mwili kuzoea. Weka kitambaa kilicholowa maji ya moto yanayovumilika kwa dakika 15 hadi 20, na uendelee kuigeuza shingo polepole. Usiifunge wala kuilaza siku nzima. Isipotumika hukakamaa zaidi.

Kukandwa taratibu kwa mafuta ya nazi kwenye misuli ya mabega hakuna ubaya. Usimruhusu mtu yeyote aivute au kuivunja shingo yako hadi ilie. Kwa mtu mzima, mshtuko wa ghafla unaweza kuumiza mishipa ya damu inayopanda ubongoni.

Diklofenaki na ibuprofeni zisiwe dawa za kujinunulia kila baada ya safari. Mwenye presha, ugonjwa wa figo au vidonda vya tumbo anaweza kudhurika. Muulize mfamasia au daktari kwanza.

Angalia pia mto unaolalia. Mto wa sufi uliojazwa sana hukunja shingo usiku kucha, na lawama huangukia baiskeli. Mto uwe na kimo cha kuiweka shingo usawa na mgongo ukilala ubavu. Usilale kifudifudi. Na kama jioni unakaa barazani saa mbili umeinamia simu, inyanyue simu ifike usawa wa uso.

Maumivu yakizidi siku mbili, pumzika hadi uweze kutazama mabega yote mawili, kisha rudi kwa nusu ya muda wa safari ya mwisho. Badilisha kitu kimoja tu kwenye baiskeli, ukiandike, na ukipe safari tatu kabla ya kugusa kingine. Ukibadilisha siti na usukani siku moja, hutajua kipi kimesaidia.

Wiki sita zikipita umefuata yote haya na shingo bado inakusumbua, mtafute mtaalamu wa fiziotherapia. Nenda na ile daftari na picha za ubavuni, na kama inawezekana nenda na baiskeli yenyewe ili akutazame ukiwa umeikalia.